Ushahidi wa Shanga na Keki

Jumatatu, 15 Juni 2026

Mke wangu Modesta ameondoka asubuhi kwenda Dodoma, mafunzo ya wauguzi. Wiki mbili. Nimechukua likizo kukaa na watoto, Winnie wa miaka minane na Antoni wa mitano. Kazi nyepesi. Wao wana katuni, mimi nina kochi.

Saa saba mchana mama mkwe akapiga simu kutoka Bukoba. Nikasimama kabla ya kupokea, kama kawaida yangu. Alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini, na bado anamsikiliza mtu kama anayesubiri amalize kudanganya. Nikampa shikamoo. Akauliza wajukuu wanafanya nini. Walikuwa kwenye saa ya tatu ya katuni. Nikasema wanatengeneza shanga za karatasi. Nikaongeza kwamba keki nazo huwa tunaoka, kila Jumamosi. Sijui Jumamosi ilitoka wapi.

Akasema vizuri sana, atakuja kuona. Anapanda meli Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi yuko Mwanza. Akikuta watoto wameachiwa televisheni, anaondoka nao mpaka shule zifunguliwe.

Mwaka jana walikwenda kwake siku sita. Nyumba ilipoa mpaka nikawa nakula nimesimama jikoni. Sirudii.

Jumanne, 16 Juni

Mpango wa kwanza. Jirani yangu Kashindye ana watoto wanaotengeneza vitu kutwa nzima: magari ya makopo, samaki wa vizibo vya soda, shanga. Nikamwomba aniazime vichache. Akauliza vya nini. Nikasema mapambo. Akaleta boksi zima. Kashindye ni mtu mwema, jambo ambalo hunichosha.

Kufika nyumbani nikaona kila kitu kina jina la mwenyewe, kwa kalamu isiyofutika. Mashimba. Mashimba. Ngosha. Mashimba. Nikakwangua kwa kisu. Samaki mmoja akapoteza tumbo.

Winnie alikuja mara mbili kuomba nimfundishe kutengeneza shanga. Nikamwambia asinisumbue, nina shughuli ya shanga.

Jumatano, 17 Juni

Mpango wa pili, keki. Nilikwenda Mabatini kwa Sabina, anayeoka keki za harusi. Nikamweleza ninachotaka: keki ndogo yenye sura ya kuokwa na mtoto. Iwe imeinama. Ikiwezekana iungue kidogo.

Akaweka mwiko chini. "Baba, nina miaka kumi na miwili kwenye kazi hii," akasema. "Hakuna mteja aliyewahi kunitukana namna hiyo."

Akaniuzia iliyokuwepo. Nyeupe, mviringo, ina maua ya waridi. Nyumbani nikajaribu kuiharibu. Nikaitoboa kwa kijiko, nikaibonyeza upande. Ikazidi kupendeza. Nikatoka nje kuwaza. Niliporudi, watoto walikuwa wamemaliza upande wa kushoto na Antoni alikuwa na ua kwenye nyusi. Upande wa kulia niliumaliza mimi, kwa mawazo.

Alhamisi, 18 Juni

Asubuhi Mashimba, mtoto wa Kashindye, alifuata boksi lao. Akamwona samaki wake asiye na tumbo. Alimbeba kwa mikono miwili, kama mgonjwa. Nikamwomba radhi na kumwambia nitamtafutia vizibo vingine. Akaitikia kwa kichwa tu. Nilijisikia vibaya karibu nusu saa.

Sasa sina shanga, sina keki, na meli inaondoka Bukoba leo. Hakuna njia nyingine. Ushahidi nitaughushi mwenyewe.

Nikazima televisheni nikawaita wasaidizi wangu. Tukakata kalenda ya mwaka juzi vipande virefu vyenye ncha, tukapaka uji mzito wa ngano, tukaviringisha kwenye njiti. Shanga zangu zilifumuka. Za Winnie zilikaa. Akanishika vidole akanionyesha: vuta, baba, usilegeze. Antoni aligundisha Aprili yote kwenye goti lake.

Kisha keki. Tulishuka ufukweni na ndoo kuchota mchanga. Antoni akataka kujua kama samaki watauhitaji mchanga wao. Winnie akamjibu kwamba tutaurudisha. Sufuria kubwa jikoni, mchanga ndani, sufuria ndogo juu yake, mfuniko, mkaa juu ya mfuniko. Nilikuwa nimemwona mama yangu akifanya hivyo miaka mingi iliyopita. Antoni alipasua mayai. Maganda tuliyatoa karibu yote.

Keki ilitoka imeinama na imeungua chini. Kazi safi kabisa, Sabina mwenyewe asingeiweza. Tulicheka mpaka Winnie akapata kwikwi.

Baadaye nikawafundisha maneno ya kusema: Baba hutuokea kila Jumamosi. Wakayakariri. Siku imeisha na sikupata hata dakika moja ya kukaa na watoto, kwa jinsi nilivyobanwa na udanganyifu huu.

Ijumaa, 19 Juni

Nilimpokea mama mkwe bandarini saa moja asubuhi. Alikuja na mkungu wa ndizi na uso wa ukaguzi. Nyumbani alitazama shanga. Alitazama keki. Kisha akamtazama Antoni, kiungo dhaifu.

Antoni akasimama wima. "Baba hutuokea kila Jumamosi," akasema. Akavuta pumzi. "Ametuambia tuseme hivyo. Lakini ilikuwa jana."

Nikaangalia sakafu. Nikaanza kuhesabu nguo zao kichwani, zipi zitatosha Bukoba.

Mama akakata keki, akala kipande chote pamoja na palipoungua. Akatoa ganda la yai mdomoni, akaliweka pembeni ya sahani. Akamuuliza Winnie shanga zinatengenezwaje. Winnie akaleta uji na kalenda. Bibi na mjukuu wakakaa mkekani mpaka saa sita, na mara tatu nikasikia mwalimu mkuu akiambiwa asilegeze.

Alipoinuka alikuja kwangu jikoni.

"Umenidanganya, Baba Winnie."

Nikasema nisamehe, mama.

"Lakini huyu mtoto ana uji wa ngano masikioni, na toka nimefika anaongea habari ya jana tu." Akafunua jiko, akatazama ndani. "Mkaa wa chini ulizidi. Mwingi unawekwa juu. Watoto watabaki hapa."

Jumapili, 21 Juni

Mama atakaa mpaka Jumatano. Jana alioka na watoto keki iliyosimama wima. Winnie anasema ya kwetu ilikuwa tamu zaidi. Ni mtoto mwenye huruma.

Leo baada ya misa nimetafakari yote. Ukweli ni kwamba niliponea chupuchupu. Kosa langu lilikuwa moja tu, kuanza kughushi siku ya mwisho.

Mama anasema atarudi Desemba. Safari hii najiandaa mapema. Nimeshawaambia watoto: kila Jumamosi, kuanzia saa nne mpaka saa nane, tutakaa watatu na kutengeneza ushahidi. Shanga, keki, maandazi, na samaki wa vizibo, ambao Mashimba amekubali kuja kutufundisha. Itakuwa kazi ngumu, miezi sita mfululizo. Lakini ikifika Desemba, hakuna mtu duniani atakayegundua kwamba mimi sifanyi chochote na wanangu.