Uzinduzi wa Kituo cha Takwimu, Makutupora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kwa hiyo mgeni rasmi ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wenyeviti, makamu wenyeviti na wanaokaimu umakamu. Viongozi wa dini. Walimu wenzangu, maana na mimi niliwahi kushika chaki kabla ya kupanda cheo. Wakulima wa zabibu wa hapa Makutupora. Na kama kuna mkubwa nimemruka, ajihesabu kuwa ametajwa na akae kwa raha. (Makofi.)

Ndugu zangu, leo tunazindua Kituo Unganishi cha Rasilimali na Utafiti wa Kufundishia na Kuielewa Data, ambacho, kwa mujibu wa andiko la kitaalamu nililoliandaa mimi, kwa kushirikiana na mimi katika nafasi yangu ya mwenyekiti wa kamati, kitafanya capacity building, yaani kujenga uwezo, kwa walimu wa hisabati wa kanda yote ya kati, ili mwanafunzi akiona grafu asikimbie. (Kicheko.) Msicheke, hili ni janga.

Utafiti wetu wa awali uliwahoji wadau wote waliokuwa ofisini siku ile, yaani mimi na katibu muhtasi wangu, na asilimia hamsini waliunga mkono kwa kishindo. (Minong'ono.) Aidha, tumebaini kwamba shule tulizozifikia zina wastani wa kompyuta nne kila moja, jambo ambalo...

(Mwanamke anasimama. Pembeni yake kuna begi na godoro lililofungwa kamba. "Samahani, Mheshimiwa. Naitwa Swaumu, ni mwalimu, natokea Chemba. Shuleni kwetu hakuna hata moja.")

Ahsante, Mwalimu Swaumu, lakini naomba usituvurugie wastani. Kompyuta zote ziko shule moja ya mjini, ila wastani ni wa wote, haubagui mtu.

("Sawa. Ila mlinipigia simu mkasema nije na vitu vyangu, nitakaa bwenini mwaka mzima nisomee takwimu. Nyumba niliyopanga nimeshairudisha. Sasa bweni liko wapi?")

Swali zuri sana, litaingizwa kwenye mpango mkakati. Bweni, maktaba, maabara, pamoja na dashibodi ya kisasa itakayomwezesha kiongozi kuiona data hata akiwa amelala, vyote mnaviona kwenye turubai hili nyuma yangu. (Sauti: "Si picha hiyo?")

Nikisema "Data!", mseme "Maendeleo!" Data! (Watu wanageuka kulitazama turubai.) Data! ("Bweni!" anaitikia Swaumu. Wengine wanampokea: "Bweni!")

Nashukuru kwa hamasa yenu. Kwa namna ya pekee namshukuru Mama Emilia kwa kutuazima shamba lake hili, ambalo jioni hii tunamrudishia. Namshukuru fundi Joel kwa kutuchorea jengo zuri namna hii, maana jengo lenyewe hatujawahi kuliombea hata kiwanja. Na nawashukuru ninyi nyote kwa kuja kulizindua turubai.

(Swaumu anakaa juu ya godoro, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mama Emilia anamwendea. "Nyanyuka, mwanangu. Kwangu kuna chumba. Wewe shika huku, mimi nishike huku." Wanaondoka na godoro. Watu wanawafuata, viti vinabaki vitupu.)

Mmeona? Naomba iingie kwenye taarifa: asilimia mia moja ya walimu waliohitaji makazi wamepatiwa.