Chupa Tisa za Mwenye Kiwanja

Jumatatu, 3 Juni

Msimamizi wa usalama wa kiwanda chetu cha samani kastaafu! Kaacha kizibao cha kijani na kiti cha dirishani, penye feni. Kiti changu kile. Miaka ishirini na sita natengeneza viti vya watu, mwenyewe nimesimama. Mpinzani ni mmoja tu: Thuzar, binti wa Kiburma, ana miaka miwili hapa. Nimemwahidi Mwenye Kiwanja, mzimu mlinzi wetu wa kibanda cha getini, chupa tisa za soda nyekundu nikiipata kazi hiyo. Anaipenda mno.

Jumatano, 5 Juni

Nimebandika matangazo arobaini ya hatari. Mwandiko wa kifalme! Thuzar akasema, kwa adabu zake zinazoniudhi, kwamba ni mzuri, ila nusu ya wafanyakazi siku hizi ni wenzake na Kithai hawakisomi. Nikamwambia wajifunze. Yeye kachora mkono na msumeno, basi. Meneja kautazama mchoro ule muda mrefu. Roho imeniuma.

Ijumaa, 7 Juni

Nikaona heri nimlipe mzimu mapema. Mapumziko ya mchana, nikabeba chupa zote tisa, nikapita njia ya mkato, kando ya msumeno mkubwa. Jua la dirishani. Vumbi la mbao linaelea, la dhahabu, polepole... Miguu ya miaka sitini na moja hii! Nikaketi kidogo kwenye mkanda unaopeleka mbao. Nikaota nimevaa kizibao, naelea juu ya kiwanda, viti vyote vinaniamkia.

Kumbe kengele imelia, mkanda umewashwa. Chupa zikaanguka, zikapasuka. Thuzar akaona wekundu unatiririka sakafuni, akakibamiza kitufe cha kuzima. Msumeno ulishakula mkono wa shati langu, umebakiza vidole viwili kufika nyama.

"Mjomba Prasong," akasema, "kumbe ni soda. Mimi mkono wako nilishaulilia."

Nami nililia. Sioni haya kuandika.

Jumamosi, 8 Juni

Kizibao kapewa Thuzar. Kinampwaya. Kiti kanikalisha mimi mpaka nitulie. Usingizi wa kiti kile mtamu ajabu!

Jumatatu, 10 Juni

Nimewaza sana. Aliyeniokoa ni nani? Thuzar? Thubutu! Ni Mwenye Kiwanja. Kaionja soda ya sakafuni tu, kaniachia mkono. Akiipata kwenye chupa je? Kesho mchana nampelekea kumi na nane, anipe na kizibao. Mzigo mzito, lakini njia ya mkato naijua. Nikichoka, mkanda upo.