Nilivyofufuliwa Bustanini na Mama Yake Njeri

Wasee, leo nimefufuliwa. Na sikuwa nimekufa.

Nawaandikia kutoka saiba moja, duka la intaneti, hapa mjini, nyasi bado ziko kwenye nywele. Nyinyi mlioko ng'ambo kila siku mnaniuliza Nairobi kuna nini kipya. Leo kipya kilikuwa mimi.

Wacha nianze asubuhi, maana asubuhi ilikuwa nzuri. Mnajua nafanya kazi Ngara, kwenye duka la nyuzi na sufu za kufumia masweta. Nakaa karibu na mlango, nauza, naangalia watu wakipita. (Hiyo ya kuangalia watu ndiyo ninayoijua vizuri zaidi.) Leo tajiri wangu alinipa ruhusa nitoke mapema, kwa sababu nilimwambia ukweli: nilikuwa nakutana na mama yake Njeri kwa mara ya kwanza, saa saba, kwenye hoteli ya chai mjini. Tajiri akanikagua kuanzia viatu hadi tai.

"Nyoosha kola," akasema. "Na usimwambie habari ya mawingu."

Hata yeye!

Njeri ndiye msichana ninayetaka kumwoa. Kwao ni Uthiru. Jana jioni alikuja kunitembelea Kabiria, na nilipokuwa namsindikiza alinipa masharti njia nzima. "Mama hapendi mtu anayeangalia juu akiongeleshwa. Akikuuliza kitu, jibu hicho kitu. Usimzungushe. Na kesho, tafadhali, uwe hapa." Akanigonga paji la uso kwa kidole. "Hapa. Si kule unakoendaga."

Nikaapa nitakuwa hapa.

Basi nikatoka Ngara kwa miguu, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Karibu na mjini kuna mzee anayetandaza vitabu na magazeti ya mitumba kando ya njia. Sikutaka kusimama. Macho ndiyo yalisimama, mimi nikayafuata. Kulikuwa na kitabu cha katuni, jalada limechanika nusu. Mbele kuna shujaa mmoja mwenye misuli kila mahali, hata shingoni. Huyo sikumjali. Nilifungua ndani, na pale kwenye kona ya ukurasa, kwenye kipicha kidogo kama stempu, nikamwona yeye.

Ni mlinzi. Jina lake lina konsonanti zinazogongana, kwa hivyo mimi namwita Bwana Tarumbeta. Ametolewa kwenye hadithi za kale za watu wa kaskazini, kule kwenye barafu. Kazi yake ni kulinda daraja la upinde wa mvua, lile linalounganisha dunia na makao ya miungu yao. Ana meno ya dhahabu. Ana tarumbeta kiunoni ya kupiga siku mambo yakiharibika. Halali usingizi, na masikio yake yanasikia nyasi zikiota na sufu ikikua mgongoni mwa kondoo. Kitabu kizima anatokea mara chache tu, na kila mara anasema neno lilelile: "Nani apitaye? Taja jina lako!" Shujaa anapita bila hata salamu, anaenda kupigana, na yeye anabaki mlangoni.

Jamani, nilimpenda. Mtu wa mlangoni, mtu wa sufu! Ni kama ndugu yangu aliyeajiriwa mbali.

Nikakinunua. Nilipofika mjini, saa saba ilikuwa bado mbali sana, na hoteli yenyewe inatazamana na ile bustani ambayo wahubiri husimama mchana. Nikasema, nitakaa bustanini kidogo, nisome kurasa mbili, nivuke barabara.

Mnakumbuka mijakaranda ya Oktoba? Imechanua yote. Chini kumekuwa zambarau, juu kumekuwa zambarau, na hewa katikati ni kama imelowekwa. Hata honi za magari zilikuwa zinafika pale zimechoka. Nikatafuta mahali pasafi. Nikavua viatu nisivichafue, nikavipanga kando, ncha zikiangalia upande mmoja. Nikalala chali. Nikakunja mikono kifuani juu ya tai isije ikajikunja. (Lieni nami. Kila kitu nilikifanya kwa unadhifu.)

Nilisoma mpaka pale Bwana Tarumbeta anapoinamisha kichwa na kusikiliza nyasi. Kitabu nikakiweka kando, nikajiuliza, zinasikikaje? Mtu mzima, mwenye tai. Nikafumba macho nisikilize.

Mwanzoni nilisikia jiji. Halafu jiji likaenda nyuma, kama mtu anayefunga mlango polepole asikuamshe. Nikasikia ua la jakaranda likitua. Nikasikia mchwa wakisalimiana. Halafu chini kabisa, naapa, nikasikia kitu chembamba kikipanda, sauti kama ya mtu anayevuta uzi kwenye kitambaa. Nikasema moyoni, ndizo hizo. Nikajikuta nimesimama juu ya daraja. Lilikuwa linaanzia Ngara, kwenye mlango wa duka letu, linapita juu ya mabati yote ya Kawangware na Kabiria, linashukia Uthiru kwenye ukungu. Rangi zake zilikuwa laini chini ya miguu, kama sufu. Hakukuwa na mtu. Nililinda. Sijawahi kuwa na furaha kama ile kazini.

Sasa, sehemu inayofuata nimesimuliwa na mama anayeuza njugu karanga pale bustanini, kwa sababu mwenyewe sikuwepo. Nyinyi tuliolala nanyi bweni moja mnajua usingizi wangu. Mlishanibeba na godoro mpaka uwanjani na sikustuka.

Mama wa njugu aliona mwanamume wa suti amelala chali, mikono kifuani, viatu kando, maua ya zambarau yamemfunika kuanzia magotini hadi kidevuni. Akaniita. Kimya. Akanitingisha bega. Kimya. Akapiga nduru.

"Uuuwi! Huyu mtu amekufa! Na amejipanga!"

Nairobi inahitaji nduru moja tu. Watu wakaja. Mpiga viatu rangi akaja na brashi mkononi. Makarani wakaja na chipsi zao. Mmoja akasema nimekunywa sumu kwa ajili ya mapenzi, mwingine akasema hapana, hii suti ni ya mtu aliyefutwa kazi. Mhubiri aliyekuwa upande wa pili akaona watu wake wote wanahama, naye akahama pamoja na kipaza sauti chake. Akasema, "Ndugu zangu, hajafa huyu! Nani ana imani hapa?"

Mama mmoja akajitokeza. Kitambaa cheupe kichwani, mkoba mweusi, mama wa kanisa kabisa. Akapiga magoti kwenye nyasi, akaweka kiganja juu ya paji la uso wangu, pale pale alipogonga Njeri jana, akaanza kuomba.

Kule darajani, mimi nikasikia tarumbeta. (Ilikuwa kipaza sauti, kililia kwiiii.) Nikaona mtu anakuja kutoka upande wa Uthiru, mwanamke, kichwa cheupe kwenye ukungu. Nikakumbuka kazi yangu. Nikafungua kinywa, na kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, nikanguruma:

"NANI APITAYE? TAJA JINA LAKO!"

Na nikafungua macho.

Uso wa yule mama ulikuwa hapa, pua kwa pua. Umati uliruka nyuma kama maji yaliyopigwa jiwe. Lakini yeye hakukimbia. Alijibu! Alijibu kwa utii, kama mtu aliyefika kwenye lango aliloambiwa maisha yake yote:

"Ni mimi, Wanjiru, mama yake Njeri, wa Uthiru!"

Wasee. Damu yangu ilisimama. Ningekuwa nimekufa kweli, hapo ningekufa tena.

"Amerudi!" mama wa njugu akapiga kelele. "Ngai, Mungu wangu, amerudi!"

Wakaanza kuimba. Mimi nikakaa kitako, maua yananimwagika. Nikatafuta viatu nikimbie. Viatu alikuwa amevishika mpiga viatu, anavisugua, eti mtu hawezi kutoka mautini na viatu vya vumbi. Nikabaki na soksi. Moja ina tundu.

Mama yake Njeri akanishika mkono, machozi yanamlenga. "Mwanangu, umeona nini huko?"

Nikakumbuka sharti. Akikuuliza kitu, jibu hicho kitu, usimzungushe.

"Daraja," nikasema.

"Daraja!" mhubiri akasema kwenye kipaza sauti.

"La namna gani, mwanangu?"

"La upinde wa mvua."

"Haleluya! Na ulimwona nani?"

"Mlinzi."

"Mlinzi! Anafanana vipi?"

Jamani, hapo ndipo mtu mwenye akili angesema sijui, kulikuwa na ukungu. Mimi nikasema, "Ana meno ya dhahabu."

Wimbo ukakatika. Watu wakaangaliana. Mhubiri akashusha kipaza sauti. "Meno ya nini?"

Mpiga viatu akainama, akaokota kitu kwenye nyasi karibu na alipokuwa amechutama, akakifungua. Akaangalia ukurasa, akaniangalia mimi, akaangalia ukurasa.

"Si ni huyu?" akauliza. "Daraja hii hapa. Meno hii hapa. Na anasema nani apitaye. Buda, kwani ulikuwa umelala tu?"

Kitabu kikaanza kuzunguka. Karani mmoja akasoma kwa sauti, tena akiigiza. Watu walicheka mpaka chipsi zikamwagika. Mhubiri akasema, "Basi tuendelee kule tulikokuwa," akaondoka haraka kama mtu aliyesahau sufuria kwenye moto. Mama wa njugu peke yake ndiye aliyenihurumia. Akanitia njugu mkononi. "Kula. Hata kama ni usingizi, ulienda mbali."

Kitabu kikafika kwa mama yake Njeri. Hakucheka. Alikiangalia kwa muda mrefu kipicha kidogo cha mlinzi akisikiliza nyasi. Na hapo ndipo watu wakapanguka, na Njeri mwenyewe akapita katikati yao, jasho jembamba likimtoka, mkoba begani.

"Mama! Nimekutafuta huko hotelini kote, kumbe…" Akaniona. Soksi. Maua. Njugu. "Kariuki?"

Mama yake akainua macho. "Unamjua huyu?"

"Mama…" Njeri akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye."

"Ndiye nani?"

"Ndiye wa saa saba."

Tulivuka barabara. Tukaagiza chai na mandazi. Mama alikuwa amekuja mjini mapema, Njeri akanieleza kwa minong'ono, na kila akija mjini hupitia mahubiri. Mimi nilikodolea macho sukari. Nilikuwa nimeamua kwamba posa imeisha, na nikawa nawaza nitamwambia nini tajiri.

Mama akakoroga chai. Akaweka kijiko.

"Huyo mlinzi wako. Analala saa ngapi?"

"Halali, mama. Hata kidogo."

"Basi hamfanani."

Njeri akaziba mdomo kwa kitambaa. Mimi nikasema, "Ndiyo, mama."

Akanywa. Halafu akauliza, akiangalia nje kwenye mijakaranda, "Hizo nyasi. Ulizisikia?"

Ningemdanganya. Lakini nilikuwa nimeshaaibika kiasi cha kutosha, hakukuwa na kitu cha kuokoa. "Nilizisikia, mama. Zinasikika kama uzi ukivutwa."

Akatikisa kichwa polepole. "Marehemu baba yake Njeri alikuwa akitoka nje anasimama tu pale uani. Ukimuuliza, anakwambia anasikiliza mvua ikishuka kutoka Limuru. Nguo nikaanua, jua likawaka mpaka jioni. Nilimgombeza miaka yote ya ndoa yetu."

"Na mvua ilikuwa inakuja kweli?" nikauliza.

"Mara nyingine," akasema. Na kwa mara ya kwanza nikaona anatabasamu, kidogo tu, upande mmoja wa mdomo. "Mara nyingine ilikuwa inakuja."

Njeri alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anamwangalia mama yake kama mtu aliyesikia redio ikiongea lugha mpya.

Tulipoagana, mama alinitoa ua moja kwenye kola, akalitazama, akalitia kwenye mkoba wake. "Jumapili njoo Uthiru ule chakula," akasema. "Na uje ukiwa macho."

Kwa hivyo nimekubaliwa, wasee, nafikiri. Ila mhubiri nikikutana naye njiani nitavuka barabara.

Naomba msicheke. Njeri alianza tena tulipofika stendi, akalazimika kukaa chini kabisa kwenye ukingo wa barabara, na kwa jinsi nilivyomwacha pale, amecheka kwa niaba yenu nyote.