Mbwa Aliyekabidhiwa kwa Kijiji

Mpui, Jumatatu, 3 Machi 1975

Baraza la usuluhishi la ndoa, mara ya nne. Nimechoka mpaka kope. Fransiska, mke wangu hadi sheria iseme vinginevyo, alikaa benchi la dirishani, mimi la mlangoni. Alihama Oktoba, kwa sababu ya mpango wangu wa kufuga nyuki chumbani. Vyombo tulishagawana: yeye kitanda, mimi redio na baridi ya Ufipa. Amebaki Posho, mbwa wetu. Tulimwokota stendi ya Laela, akamaliza unga wetu wa wiki nzima, ndipo akapata jina. Watoto hatukujaliwa.

Mzee Polikarp, mwenyekiti wa baraza, alifungua kijitabu cha sheria ya ndoa. Akasema humu mna mali na mna watoto, mbwa hamwoni. Akiwa mali iliyochumwa pamoja, agawanywe. Aliniuliza nataka upande wa mbele au wa nyuma. Akiwa mtoto, wa chini ya miaka saba hukaa na mama. Nikawahi kusema Posho ana minane! Fransiska akasema ana mitano, na kwamba siku zote mimi nasahau. Mzee akasema hati ya kushindwa kutupatanisha haitaandikwa mpaka jambo la mbwa liishe.

Kwa sasa analala wiki moja kwangu, wiki moja kwake. Fransiska humleta Jumapili baada ya misa. Mimi ni mtunza ghala, mambo yangu ni ya utaratibu: namwandikia risiti ya kumpokea mbwa. Yeye husimama mlangoni muda mrefu akiisoma.

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Limekuja nikipanga majembe. Mali ya kijiji haigawanywi kwa talaka. Na mali yote ya kijiji huwa mikononi mwa mtunza ghala. Mtunza ghala ni nani? Mimi!

Nimeandika barua: mimi, Andwele, mjamaa wa kweli, namkabidhi mbwa kwa kijiji. Nimepiga muhuri mara mbili. Fransiska atakishitaki kijiji kizima? Posho alikuwa ameweka kidevu kwenye kiatu changu wakati wote naandika. Niliona haya kidogo. Ikapita.

Ijumaa, 7 Machi

Mkutano wa kijiji. Barua yangu ilisomwa, makofi yakapigwa. Ndugu Tadei, mwenyekiti wa kijiji, alisema mimi ni mfano wa kuigwa. Sijawahi kuwa mfano wa kitu chochote. Nilishukuru kwa maneno machache, dakika arobaini hivi.

Halafu nikakumbusha kwamba mali ya kijiji hukaa ghalani. Tadei akajibu kuwa majembe hukaa ghalani, mfanyakazi hukaa kazini. Nguruwe pori wanamaliza mahindi ya shamba la ujamaa. Posho amepangiwa lindo, na malazi kwa zamu, wiki moja kwa kila balozi wa nyumba kumi. Mabalozi wako kumi na wanne. Balozi wetu ni wa mwisho. Nitamwona Juni! Walipoita kura ya ndiyo, mkono wangu ulikuwa tayari juu, nilikuwa naomba kuongea.

Fransiska alikuwa upande wa wanawake. Nilitegemea kelele. Akainuka, akaenda zake.

Jumanne, 11 Machi

Baraza, mara ya tano na ya mwisho. Mzee Polikarp alisema kwa kuwa mbwa si wetu tena, hakuna kilichobaki. Hati imeandikwa, twende nayo mahakamani Sumbawanga. Akanipongeza kwa kurahisisha kazi. Fransiska alishika kalamu muda mrefu bila kutia saini. Kalamu za baraza ni mbovu. Nikampa yangu.

Nikarudi kwa njia ya shambani. Posho alinikimbilia, ananuka moshi wa jiko la watu wengine. Kengele ya kazi ikagongwa, akaniacha, akarudi lindoni. Nililia, hakuna haja ya kuficha. Hakuna anayenipokea jioni sasa.

Ijumaa, 14 Machi

Manyunyu tangu asubuhi. Fransiska kaja ghalani. Ameleta gunia la kulalia la Posho, kalifua. Nikachukua kitabu cha risiti. Akanizuia mkono.

"Andwele, ulidhani nagombea mbwa? Kila Jumapili nilikuwa nangoja useme, Fransiska, karibu ndani. Ukawa unanipa karatasi."

Niliuliza, na kama nikisema sasa? Akasema nijaribu, hati bado iko kwenye pochi yake, mahakamani haijafika. Nilifungua kinywa. Hapo hapo wazo likanijia, zuri kuliko yote! Nikamwomba angoje kidogo nilitafutie penseli kabla halijapotea. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshavuka barabara, kanga kajifunika kichwani.

Si kitu. Kesho napanda basi kwenda Laela kutafuta mtoto wa mbwa. Nitamwandikisha kwa majina yetu wawili, nitamnyima Fransiska, kisha nitamshitaki barazani. Posho ametupa miezi mitano tu. Huyu mdogo, mambo yakienda sawa, tutamgombania mpaka tuzeeke.