Taya la Bibi Nefisa na Kigelegele cha Kwanza

Ijumaa, 3 Oktoba

Naapa kuandika yote, hata ya aibu. Bibi Nefisa ametiwa skrubu mbili kwenye taya, pale mbele penye pengo. Meno yenyewe bado. Daktari Ragai asema mfupa uzikamate kwanza, na ametoa dawa ya kujenga mfupa: sindano moja tumboni kila asubuhi, miezi mitatu. Miezi mitatu! Harusi ya shangazi Inas ni Alhamisi hii. Ndoa ikifungwa, Bibi ndiye hupiga kigelegele cha kwanza. Mansoura nzima yajua. Sasa Umm Lutfi, jirani wa juu, anakitaka yeye. Leo kapaza sauti kutoka roshani: "Wee Nefisa, mdomo umewekwa dirisha, kigelegele si kitakuwa upepo?" Bibi hakula chakula.

Mchoma sindano ni mimi. Biolojia nimepata alama zote.

Jumamosi, 4 Oktoba

Hesabu rahisi: sindano mbili, mfupa mara mbili. Jioni nimemwambia Bibi ile ya asubuhi ilikuwa ya majaribio. Kaniamini, maskini. Kanibusu.

Jumapili, 5 Oktoba

Balaa! Baada ya sindano ya asubuhi Bibi kasimama, dunia ikamzunguka, akakalia sufuria ya mlenda. Bahati ulikuwa umepoa. Daktari kauliza kwa upole nani kazidisha. Nimekiri. Akasema mfupa si mkate, huwezi kuuongezea moto uive mapema. Sasa anachoma Mama. Bibi kacheka hadi machozi: tangu awe mjane hajapata kiti laini namna ile!

Alhamisi, 9 Oktoba

Ndoa imefungwa. Umm Lutfi kavuta pumzi. Bibi kamtangulia! Kilianza na upepo kidogo, kisha kikanyooka, kikapanda, kikazunguka ukumbi mzima. Umm Lutfi kabaki mdomo wazi, na meno yake yote. Nikamuuliza Bibi amewezaje. "Ulimi ndio unaopiga, mwanangu. Meno ni watazamaji."

Furaha tele. Nimekunywa sharubati glasi nne.

Ijumaa, 10 Oktoba

Njiwa wa mjomba Sabri kavunjika mguu huko darini. Dawa ya Bibi imo kwenye friji, Mama yuko sokoni. Tone moja tu, dogo! Ee shajara, nijibu kabla hajarudi: njiwa huchomwa tumboni au pajani?