Miguu Mitatu ya Bombomu la Rossegg

Hinterbühl, Uswisi
3 Novemba 1949

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Historia ya Mabombomu ya Kutungulia Ndege ya Bonde Letu

Mheshimiwa Mwalimu Tresch,

Pole kwanza kwa kikohozi. Nimesoma rasimu ya kitabu chenu kuhusu mabombomu yaliyolinda anga letu wakati wa vita. Picha ni nzuri. Lakini ukurasa wa kumi na nne unasema bombomu la kilima cha Rossegg, chini ya Koplo Xaver Gisler, "halikuangusha ndege hata moja, kwa kuwa wapigaji wake hawakuwa na shabaha."

Koplo huyo ni mimi. Niko hai, na kila Jumapili baada ya misa nakaa meza ya pili kutoka kwako. Nimekuwa mfalme wa shabaha wa bonde hili zaidi ya mara moja. Kengele nilizoshinda wanazivaa ng'ombe wangu. Kwetu hapa, kumwambia mwanamume hana shabaha ni kumvua nguo mbele ya kanisa. Juzi muuza nyama aliniuliza mbele za watu, "Xaver, nikurushie soseji, au na hii utaikosa?" Niliumia, na bado naumia. Naomba sentensi ile ifutwe, kwa sababu hizi:

1. Nchi yetu haikuwa upande wowote. Jumanne tukimkosa Mjerumani, haki ilitaka Alhamisi tumkose na Mmarekani. Tulifanya hivyo bila upendeleo. Kukosa kwetu kulikuwa siasa ya taifa, na nashangaa mwalimu mzima hukuliona hilo.

2. Kabla ya kufyatua, amri ilitutaka tupige simu bondeni kuuliza ndege ni ya nani. Laini ilikuwa moja na ya chama cha maziwa. Ndege ikinguruma juu ya vichwa vyetu, Mama Regli wa chama alijibu, "Hebu subiri kidogo, napima maziwa ya watu." Alipomaliza, ndege ilikuwa Italia.

3. Bombomu letu lilitoka kiwanda ambacho sitakitaja, maana mtoto wa dada yangu anakula huko. Kiwanda hicho kiliuza silaha za aina ile ile kwa pande zote mbili. Kumtungua mmoja wao kungekuwa kumpunguza mteja. Mzalendo gani anafukuza wateja?

4. Hili ndilo kubwa. Miguu mitatu ya bombomu lile ilikuwa mibovu. Nililenga sawasawa, lakini kila nilipobana kifyatulio mtutu uliruka juu na risasi zikaenda mawinguni. Machi ile ya mwisho ya vita ilipita ndege ya Mmarekani, chini kabisa, injini moja inafuka moshi. Nilimwona rubani amevua kofia, anafuta jasho. Hata kwa kiatu ningempata. Nikafyatua, mtutu ukaruka. Shahidi wangu ni marehemu Balz Furrer, mlisha risasi wangu, aliyepiga magoti ubavuni pangu kwenye theluji mpaka mapafu yakamshinda. Kila mara alisema, "Miguu hiyo tena, Xaver. Pole, ndugu yangu." Mtu mkweli kuliko Balz sijamwona.

5. Hivyo basi, kiwanda kiombe radhi kwa maandishi. Miguu ibadilishwe kabla bombomu halijasimamishwa uwanjani kuwa ukumbusho, kama kamati ilivyopanga. Kibao kiandikwe: HALIKUMWONEA MTU. Na muuza nyama asimame jirani na kibao hicho siku nzima ya uzinduzi, kofia mkononi.

Nisalimie mkeo, wajumbe wa kamati, padri na Mama Regli, ambaye sina kinyongo naye.

Wako mtiifu,
Koplo (mstaafu) Xaver Gisler

Tanbihi: Kabla ya kuituma barua hii nilimpelekea Kreszentia, mjane wa Balz, kwa kuwa inamtaja marehemu. Alicheka hadi akatafuta kiti, kisha akalia. Akaniambia, "Miguu ilikuwa mizima, Xaver. Balz alikuwa akiisukuma kwa goti kila ulipofyatua. Alisema wewe hukosi, na asipoitikisa utaua mtoto wa mtu."

Nimekaa na barua hii tangu asubuhi, nikimfikiria yule rubani na jasho lake. Huenda saa hizi yuko kwao, anakula.

Kwa hiyo, Mwalimu, ukurasa wa kumi na nne uacheni kama ulivyo. Muuza nyama nitamvumilia. Ila jina la Balz liandikwe mbele ya langu, na miguu ile msiiguse.