Mkwe Wangu Amekataa Kunipiga Shoka

Kibeta, Bukoba
Jumatano

Kwa Mzee Joackim Kahigi,
Mshenga wa ndoa ya binti yangu Kemilembe,
Miembeni.

Ndugu Mshenga,

Habari za Miembeni na za dukani. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu, ambalo nawe unalifahamu. Nakuandikia wewe kwa sababu mtu mwenye lawama na wakwe zake haendi kuwagongea mlango, anapitia kwa mshenga. Ni wewe uliyekuja hapa na wazee wa Ijumbi, ukakaa kwenye kiti changu, ukanywa rubisi yangu, pombe ya ndizi safi, ukasema kijana Datius Ishengoma hana kasoro hata moja. Kasoro imepatikana. Hataki kunipiga.

Naeleza ili unielewe. Mwaka jana goti lilipokataa kwenda shambani, Datius alituletea mashine ya gemu nisije nikazeeka kwa kuangalia barabara. Inaunganishwa na televisheni. Ndani yake mna wapiganaji wa Ulaya ya zamani waliovaa deraya, yaani mavazi ya chuma, na kila mmoja anachagua silaha yake kabla ya kuingia vitani. Kila Jumamosi Datius anatoka Ijumbi na mkungu wa ndizi, anakaa kwenye kochi kando yangu, anashika rimoti yake nami nashika yangu, tunapigana. Yaani mimi ndiye ninayepigana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hachagui silaha ya maana. Ghala la gemu ile limejaa, Mshenga. Kuna upanga mrefu wa mikono miwili, mzuri sana uwanjani, ila ndani ya ngome unagonga ukuta na kukuaibisha. Kuna rungu la chuma, ambalo halijali mtu amevaa nini. Kuna mkuki wa kumweka adui mbali, na shoka la kupasulia ngao. Vyote nimevijaribu. Datius anapita mbele ya utajiri huo kama mtu aliyefunga Kwaresima, anachukua fimbo ya mchunga kondoo. Nilipomuuliza, alisema inamtosha. Inamtosha kwa kazi gani? Kondoo hatuna, na vita vinaendelea.

2. Ananiamkia. Kuna kitufe cha kuinama, kilichowekwa ili mtu akwepe mishale. Yeye anakitumia kwa salamu. Mpiganaji wake akiniona tu, anapiga goti katikati ya mapambano, nyumba zinaungua, farasi wanakimbia, naye ametulia anasubiri niitikie. Mimi nimelelewa, siwezi kumkata mtu ambaye salamu yake haijaitikiwa. Kwa hiyo naitikia kwanza, kwa sauti, ndipo namkata.

3. Kuku. Gemu inaruhusu mpiganaji kuokota kitu chochote kilicho njiani na kumrushia adui: mkate, samaki, ndoo, kuku. Walioitengeneza walidhani huo ni mzaha. Hawakujua kwamba itafika Kibeta. Datius aliokota kuku sokoni, akavuka daraja, akapita katikati ya watu wanaochinjana, akaja kumtua miguuni pangu, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa kama inavyompasa mkwe. Nilimkata hapo hapo. Lakini tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri, maana katika maisha yangu sijawahi kumuua mtu aliyeniletea kuku.

4. Haisaidii hata kujificha. Nilibadilisha rangi ya deraya, nikavaa kofia ya chuma inayofunika uso wote, nikajiita jina la Kizungu. Nilifikiri sasa atanipiga kama mgeni. Alinitambua mara moja. Aliniita Tata, kama anavyomwita baba yake, akasema kwa heshima zote ni namna ninavyogonga kuta.

5. Hili nimelifuta kwa ombi la mke wangu Elieth.

6. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Baada ya miezi ya kushinda kila Jumamosi, niliamini kwamba mimi ni hatari. Usinicheke. Mtu akishinda mara nyingi bila kupoteza, unataka aamini nini? Nikashuka hapo kwenu Miembeni, kwenye kile chumba cha gemu nyuma ya saluni, nikatangaza kwamba natafuta mpinzani. Akasimama Shadya, yule binti anayeuza kwenye duka la dawa, alikuwa kwenye mapumziko ya chakula cha mchana. Akanipa shikamoo nzuri kabisa. Nikaitikia marahaba. Kisha akanipasua kwa shoka kuanzia begani.

Ndipo nilipogundua kwamba sijui kitufe cha kukinga kiko wapi. Ningejuaje? Hakuna aliyewahi kunishambulia. Sikujua kwamba shoka likiinuliwa unatakiwa kungoja, ukinge linaposhuka na si kabla. Sikujua kuhusu ule mstari wa pumzi, kwamba ukizungusha upanga ovyo pumzi inakwisha na unabaki umesimama unahema huku mwenzako anachagua pa kukukata. Shadya alichagua. Alinimaliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika, akala chapati yake, akarudi kazini. Vijana waliokuwepo walinipigia makofi, na hayo makofi yaliniuma kuliko shoka.

Sasa, Mshenga, naomba usome hapa polepole. Tangu nistaafu, kila mtu ananikubalia. Nikisema mvua itanyesha, wanasema ni kweli, wakati jua linawaka. Nikieleza kikaoni jambo la kipumbavu, wanaitikia kwa vichwa. Kwenye jumuiya wananipa kiti kabla sijafika. Elieth peke yake ndiye bado ananipinga, na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Watu wanaponiheshimu hivi, nasikia kama wananiaga. Nampenda Datius, nakiri. Ndiyo maana inaniuma kwamba hata yeye, kwa saa mbili tu za Jumamosi, hawezi kuniona mimi kama mtu mwenye mwili wa kupigwa. Nikimuuliza sababu, anajibu kwamba baba mkwe hapigwi. Na hapo hakosei, ndilo tatizo lenyewe.

Kwa kuwa kinachomfunga ni ukwe, nimetafakari na kuona njia moja tu. Tuuondoe ukwe.

Napendekeza kwamba kila Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja, ndoa ya Datius na Kemilembe isimame. Nitarudisha mbuzi wa mahari. Wale wenyewe tuliwala, na wewe ulipata paja, lakini nitatafuta mwingine anayefanana nao. Atakuwa analetwa uani kwako saa tisa kasoro, na ikifika saa kumi na moja ananirudia, watu wanaoana upya bila sherehe wala michango. Kwa saa hizo mbili Kemilembe atakuwa binti wa nyumbani, anaweza kumsaidia mama yake kumenya ndizi. Mjukuu wetu, kwa muda huo, tutasema ni wa Mungu. Datius naye atakuwa kijana yeyote wa Ijumbi aliyepita njia, na kijana yeyote ana haki ya kumpiga mzee rungu ndani ya televisheni.

Nilimzungukazunguka Padre baada ya Misa nijue Kanisa lina mtazamo gani. Alisema ndoa haina mapumziko kama mpira. Nikamuuliza je, kama mbuzi amerudishwa? Akaniuliza kama nimeshakunywa chai. Ndiyo maana nategemea wewe, Mzee Kahigi. Wewe ni Mlutheri, huenda kwenu kuna mlango wa uani.

Kama hilo litashindikana, basi uitishe wazee wa pande zote mbili, Datius asimamishwe mbele yao, aapishwe kwamba atachagua shoka, siyo fimbo, na kwamba atanipiga nalo kichwani kwa moyo mweupe. Na akikataa, atozwe faini ya rubisi kwa kosa la kumheshimu baba mkwe kupita kiasi. Nimejiandikisha kurudiana na Shadya mwisho wa mwezi. Muda hautoshi.

Nisalimie mke wako Hellen, wateja wako wa asubuhi, na wazee wote wa Ijumbi utakaowaona. Ukipita duka la dawa, nisalimie na Shadya, umwambie goti linaendelea vizuri na mazoezi nimeanza.

Ni mimi mzazi mwenzako, mwenye uchungu na asiye na jeraha,
Protase Lwakatare.

N.B. Leo ni Jumamosi jioni. Mvua ilizuia barua hii kuondoka, na kumbe Elieth alikuwa ameshampigia simu Kemilembe akamweleza yote. Datius amekuja leo na ndizi zake, ameniamkia vizuri mlangoni, ameketi, amechagua shoka la mikono miwili na kunikata kichwa kabla sijamaliza kukohoa.

Mshenga, nilifurahi. Nilicheka hadi Elieth akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia nimekufa. Mara ya pili nilicheka pia. Mara ya tatu nilitabasamu. Kuanzia ya nne nilianza kumtazama kijana huyu kwa pembeni, nikijiuliza amelelewa wapi. Kumbe anaijua kazi hii miaka yote, mkono wa chuma kabisa. Aliniua mlangoni, aliniua kwenye ngazi, aliniua nikiwa natafuta miwani. Halafu akafanya baya kuliko yote: akasimamisha gemu, akanionyesha kwa upole, mbele ya mke wangu, jinsi ya kushika ngao. Mchezo ulipokwisha akala chakula kwa hamu, akaaga, akaondoka akipiga mluzi.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute. Ndoa iendelee saa zote. Mbuzi abaki anakokaa. Jina langu la mwisho wa mwezi nimeliondoa, goti limezidi. Badala yake nakuomba umwite Datius, umkumbushe taratibu kwamba mila zetu zina maana yake na baba mkwe hapigwi. Usimwambie nimekutuma, maana akijua ataniachia wazi wazi, nami nitaona. Mwambie anipige ile raundi ya kwanza tu, kwa nguvu zake zote, nijue kwamba bado nipo. Zinazobaki aniachie.